Gavana wa Jimbo Ana Mamlaka Gani Hasa? Jibu kwa Mama wa Lexington, Kentucky

Swali: Mama mmoja anayeishi Lexington, katika jimbo la Kentucky, ameandika hivi: "Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kivu ya Kusini. Nimekula kiapo cha uraia wa Marekani na nimejiandikisha kupiga kura. Mume wangu anasema kura yenye maana ni ya rais peke yake, na kwamba gavana ni mtu wa kukata utepe na kupiga picha, kwa sababu kila akiukataa mswada Bunge linaupitisha bila yeye. Kwetu Kongo jina la gavana tulilisikia redioni tu, hakuna aliyetuuliza. Naomba nielezwe: gavana wa hapa ana mamlaka gani hasa, na kura yangu moja inabadilisha nini?"

Jibu: Mama, mume wako hakukosea yote, na ni afadhali nianze na pale alipopatia, kwa sababu ndipo mazungumzo mengi kuhusu gavana yanapoharibika.

Ni kweli kwamba kura ya turufu ya gavana wa Kentucky ni dhaifu. Rais wa Marekani akiukataa mswada, Congress, yaani Bunge la Marekani, inahitaji theluthi mbili katika kila baraza ili kuupitisha bila ridhaa yake, na theluthi mbili hupatikana kwa nadra. Katiba ya Kentucky, ile ya mwaka 1891 ambayo ingali inatumika, inadai wingi wa kawaida tu wa wabunge waliochaguliwa, yaani 51 kati ya 100 katika Baraza la Wawakilishi na 20 kati ya 38 katika Seneti, kwa hiyo chama kilichoupitisha mswada mara ya kwanza kinaweza karibu kila mara kuupitisha mara ya pili kwa watu walewale. Baada ya uchaguzi wa 2022, Republican walikuwa na viti 80 katika baraza moja na 31 katika jingine, huku gavana, Andy Beshear, akiwa wa Democratic. Wabunge wenyewe wameshajua kuipanga kalenda yao: hupitisha miswada mikubwa mapema, hurudi nyumbani siku kumi ambazo gavana amepewa za kuamua, kisha hukutana tena siku za mwisho za kikao kuifufua ile aliyoikataa. Ndivyo ilivyokuwa kwa sheria ya 2020 inayokutaka uoneshe kitambulisho chenye picha kituoni. Gavana aliikataa mwanzoni mwa Aprili, na kabla mwezi haujaisha ilikuwa sheria.

Kama mamlaka ya gavana yangekuwa hayo tu, ningekubaliana na mume wako na jibu hili lingeishia hapa. Lakini sheria ikishapitishwa lazima mtu aitekeleze, bodi zikishaundwa lazima mtu azijaze wajumbe, na Katiba yenyewe imeacha mambo kadhaa ambayo hayapiti Bungeni kabisa: yanakwenda moja kwa moja mezani kwa gavana na kumalizwa kwa saini yake. Mimi naamini kwamba anayetaka kumpima gavana aangalie huko, wala si kwenye ugomvi wake na wabunge unaojaza taarifa za habari.

Kabla ya kuendelea tuliweke sawa neno lenyewe, maana gavana wa huku si yule uliyemzoea. Chini ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, gavana wa jimbo huchaguliwa na wabunge wa jimbo, si na wananchi, na ndiyo sababu hukuulizwa. Jirani zenu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri waliwekewa hata magavana wa kijeshi mwezi Mei 2021. Wasomaji wetu wa Kenya wanao magavana 47 wanaowachagua wenyewe tangu 2013, nao wana hospitali za kaunti na bajeti zao, ila polisi ni wa serikali ya kitaifa na msamaha kwa mfungwa ni wa rais. Gavana wa jimbo la Marekani huchaguliwa moja kwa moja kama yule wa Kenya, lakini ameshika vitu ambavyo kwetu hukaa ikulu: polisi wa jimbo walio chini ya serikali yake, Kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha jimbo ambacho yeye ndiye amiri jeshi wake mpaka rais atakapokiita, na, katika majimbo mengi, uwezo wa kumsamehe mtu aliyehukumiwa na mahakama za jimbo.

Sasa tuje kwenye mfano ambao kwangu unatosha peke yake kumjibu mume wako. Katiba ya Kentucky, kifungu cha 145, inamnyang'anya haki ya kupiga kura mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, na haimrudishii hata akimaliza kifungo chake. Anayeweza kumrudishia ni gavana, kwa hiari yake. Novemba 24, 2015, akiwa amebakiza wiki mbili madarakani, Gavana Steve Beshear alitia saini amri ya kuwarudishia haki hiyo kwa jumla watu waliokwisha kumaliza adhabu za makosa yasiyo ya kutumia nguvu. Desemba 22 mwaka huohuo mrithi wake, Matt Bevin, aliifuta amri hiyo. Desemba 12, 2019, siku mbili baada ya kuapishwa, Andy Beshear, ambaye ni mtoto wa yule wa kwanza, alitoa amri kama ile, na kwa saini moja watu zaidi ya 140,000 wakarudi kuwa na haki ya kupiga kura. Hebu mfikirie mtu mmoja wa Louisville aliyemaliza kifungo chake mwaka 2014. Mwishoni mwa Novemba 2015 anaambiwa yuko huru kupiga kura. Asipowahi kupata cheti cha kurudishiwa haki katika wiki nne zilizofuata, anafika Krismasi akiwa amefungiwa tena. Anakaa pembeni miaka minne, anaona jirani zake wakienda kituoni, kisha anaambiwa aje. Katika muda huo wote halikubadilishwa hata neno moja la kifungu cha 145. Kilichobadilika ni aliyekaa kwenye kiti kule Frankfort, makao makuu ya jimbo, na aliyemkalisha pale ni mpigakura.

Suala la matibabu lilikwenda kwa njia hiyohiyo, na hili linaigusa jamii yenu kwa karibu zaidi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kila jimbo liko huru kupanua au kutopanua mpango wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, chini ya sheria ya afya ya Rais Obama. Katika majimbo mengi ya kusini magavana na mabunge walikataa. Kentucky, Gavana Steve Beshear alitangaza upanuzi mwezi Mei 2013 bila kusubiri kura ya Bunge, akitumia mamlaka ambayo sheria ilikuwa imeipa serikali yake, na soko la bima la jimbo, lililoitwa Kynect, nalo alilianzisha kwa amri. Upanuzi ulipoanza Januari 2014, watu zaidi ya 400,000 waliingia. Kabla ya hapo, mtu mzima ambaye si mzee, asiye na mtoto wala ulemavu, hakuwa na mlango katika Medicaid ya Kentucky, hata awe fukara kiasi gani. Mkimbizi kijana aliyeshuka uwanja wa ndege peke yake alipewa bima ya wakimbizi ya miezi minane, na mwezi wa tisa akibanwa na jino au akivunjika mkono ghalani, bili ilikuwa juu yake. Bevin aliingia akaifunga Kynect, akawapeleka watu kwenye soko la serikali ya Marekani, na akaomba Washington imruhusu kuwawekea wapokeaji wa Medicaid sharti la kufanya kazi au kupoteza bima. Ruhusa ilitoka Januari 2018, jaji wa serikali kuu akaizuia mara mbili, na Desemba 2019 gavana mpya akaliondoa ombi lenyewe kabla wiki yake ya kwanza haijaisha. Kynect ikarudi 2021. Unaweza kumuunga mkono Bevin au Beshear katika jambo hili, na wako watu wenye akili pande zote mbili; ninachokuonesha ni kwamba mlango ulifunguliwa, ukarudishwa nusu, ukafunguliwa tena, na kila mara mkono uliokuwa kwenye kitasa ulikuwa wa gavana.

Shuleni hali ni hiyohiyo, ingawa huko nguvu yake haionekani kwa macho, kwa sababu inapita kwenye bodi. Bodi ya Elimu ya Kentucky ina wajumbe 11 wenye kura wanaoteuliwa na gavana, na bodi hiyo ndiyo inayomwajiri kamishna anayesimamia shule zote za umma, ikiwa ni pamoja na zile ambazo watoto wako wanafundishwa Kiingereza chao cha kwanza. Mwaka 2018 walimu walijaa kwenye ngazi za jengo la Bunge kupinga mabadiliko ya pensheni yaliyopitishwa kwa haraka ndani ya mswada ulioanza kama mswada wa majitaka. Sifanyi mzaha, ulikuwa wa majitaka kweli, na Mahakama Kuu ya Kentucky iliibatilisha sheria hiyo Desemba 2018 kwa sababu ya namna ilivyopitishwa. Bevin aliwajibu walimu kwa maneno makali ambayo hawakuyasahau. Andy Beshear aligombea pamoja na mwalimu, Jacqueline Coleman, kama mgombea mwenza, na siku ileile aliyoapishwa, Desemba 10, 2019, aliivunja bodi yote kwa amri na kuteua watu 11 wapya. Siku chache baadaye kamishna alikuwa ameondoka. Binafsi sikupendezwa na njia hiyo, maana bodi ya elimu ikigeuzwa kila anapoingia mtu mpya haitakaa ipange jambo la miaka kumi. Lakini ndivyo uteuzi unavyofanya kazi, na bodi ya namna hii si moja. Gavana huteua pia wajumbe wa bodi za vyuo vikuu vya umma, mawaziri wa jimbo wanaosimamia afya, barabara na magereza, na jaji akifa au akijiuzulu kabla ya muda wake, ni gavana anayechagua mrithi kutoka kwenye orodha ya majina matatu anayoletewa na tume.

Halafu kuna msamaha, ambao kwangu ndio mamlaka mazito kuliko yote, kwa sababu hauna wa kuuzuia. Kifungu cha 77 kinampa gavana uwezo wa kufuta adhabu, kuipunguza au kuiahirisha, isipokuwa kwa aliyeondolewa madarakani na Bunge au, kwa msamaha kamili, mwenye kosa la uhaini, na kinachotakiwa kwake ni kuandika sababu na kuziweka kwenye kumbukumbu. Bevin aliposhindwa Novemba 2019 alikuwa na wiki tano za kukaa ofisini, na katika wiki hizo alitoa mamia ya misamaha. Mingi iliwahusu watu wenye makosa madogo ya dawa za kulevya, na hiyo sidhani kama kuna wa kuilaumu. Lakini miongoni mwao alikuwamo mtu aliyehukumiwa kwa kumuua mwenzake baada ya kuvamia nyumba yake, ambaye familia yake ilikuwa imemwandalia gavana huyo hafla ya kuchangisha fedha mwaka 2018 na kupata dola 21,500. Mtu huyo alitoka gerezani na hapakuwa na mahakama ya jimbo ya kumrudisha. Waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani, ambao hawafungwi na msamaha wa jimbo, walimshtaki upya kwa sheria yao, na akahukumiwa miaka 42. Isingekuwa njia hiyo ya kando, neno la gavana aliyekwisha kukataliwa na wapigakura lingebaki kuwa neno la mwisho.

Nguvu ya gavana wakati wa maafa huielewi mpaka maafa yafike. Usiku wa Desemba 10, 2021 kimbunga kilipita Mayfield na miji mingine ya magharibi mwa Kentucky, na Julai 2022 mafuriko yakavikumba vijiji vya mashariki, kule kwenye mabonde ya milima. Mara zote mbili ni gavana aliyetangaza hali ya hatari, akatoa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa, na kutuma ombi kwa rais ili fedha za serikali kuu zifunguliwe, kwa maana utaratibu ndio huo: rais hupokea ombi la gavana. Baada ya mafuriko kulihitajika fedha za jimbo pia, na Bunge lilikuwa limekwisha kufunga kikao chake. Wabunge wa Kentucky hukutana siku 60 katika mwaka shufwa na 30 katika mwaka witiri, na nje ya hapo hawawezi kujiita wenyewe. Anayewaita ni gavana, na hoja wanazoruhusiwa kujadili ni zile alizoziandika yeye. Beshear aliwaita mwishoni mwa Agosti 2022, wakakaa siku tatu, wakapitisha zaidi ya dola milioni 200. Miezi mitatu baadaye, Novemba 2022, wananchi waliulizwa kama Bunge lipewe uwezo wa kujiita lenyewe, wakakataa. Sidhani kwamba wengi wa waliokataa walikuwa wakimpenda Beshear; walijua tu thamani ya ufunguo huo na hawakutaka ubadilishiwe mwenyewe.

Nisikudanganye lakini kwamba mtu huyu ni mfalme. Wakati wa corona Beshear alifunga migahawa, shule na mikusanyiko kwa amri, na mwaka 2021 Bunge likapitisha sheria kwamba amri za namna hiyo zikome baada ya siku 30 isipokuwa wabunge wakiziongeza. Mahakama Kuu ya Kentucky iliikubali sheria hiyo Agosti mwaka uleule. Mwaka 2016 Bevin alijaribu kukata fedha za vyuo vikuu ambazo Bunge lilikuwa limekwisha kuzipitisha, na mahakama hiyohiyo ikamwambia hana ruhusa. Aliyempeleka mahakamani alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, naye si mwingine bali Andy Beshear. Hili lenyewe ni jambo la kuliangalia vizuri kwenye karatasi ya kura. Rais wa Marekani humteua mwanasheria mkuu wake, lakini Kentucky Mwanasheria Mkuu huchaguliwa na wananchi peke yake, na vivyo hivyo katibu wa jimbo, mkaguzi wa hesabu, mweka hazina na kamishna wa kilimo. Naibu gavana peke yake ndiye anayekuja na gavana kama jozi, majina mawili mbele ya duara moja la kujaza wino. Mwaka 2019 wapigakura walimpa Beshear ugavana na nafasi nyingine zote tano wakawapa Republican, na tangu wiki za mwanzo gavana akawa na mwanasheria mkuu, Daniel Cameron, aliyemshtaki kama yeye alivyokuwa amemshtaki Bevin.

Zamani utaratibu ulikuwa wa ajabu zaidi. Mpaka katiba iliporekebishwa mwaka 1992, gavana akivuka mpaka wa jimbo, naibu wake alikuwa gavana kamili mpaka mwenzake arudi, na hawakuwa wakichaguliwa kama jozi. Mwaka 1978 Gavana Julian Carroll alikuwa nje ya jimbo, na naibu wake, Thelma Stovall, akaitumia nafasi hiyo kuipigia turufu hatua ya Bunge ya kuondoa kibali chake kwa marekebisho ya katiba ya Marekani kuhusu haki sawa za wanawake. Carroll alirudi akakuta mambo yamekwisha. Ni kisa kinachochekesha, lakini kinaonesha jinsi mamlaka haya yanavyokaa kwenye kiti: anayekikalia, hata kwa siku mbili, anayo yote.

Kuna jambo moja ambalo nadhani hukuwahi kulisikia, na linakuhusu wewe uliyekuja kwa njia ya ukimbizi. Septemba 26, 2019 Rais Trump alitoa amri kwamba wakimbizi wapya wasipelekwe katika jimbo lolote ambalo gavana wake hajatoa idhini kwa maandishi, na kaunti nayo ikubali. Ghafla, karatasi ya ukurasa mmoja kutoka kwa gavana ikawa ndiyo inayoamua kama dada aliyebaki kambini Nyarugusu ataungana na mdogo wake katika jimbo fulani au atapelekwa kwingine. Magavana zaidi ya 40, wa vyama vyote viwili, waliandika barua za kukubali. Gavana wa Texas, Greg Abbott, alikataa Januari 10, 2020, ingawa jimbo lake lilikuwa miongoni mwa yanayopokea wakimbizi wengi kuliko yote, na siku tano baadaye jaji wa Maryland akaisimamisha amri yote. Tazama tarehe ya amri hiyo, Mama: ilitoka siku 40 kabla ya Kentucky kumchagua gavana. Waliokwenda kituoni Novemba 5 walikuwa wakichagua pia nani atakayeandika au asiyeandika barua ile, na ni wachache mno waliolijua hilo.

Nimebakiwa na kura yako moja. Katika matokeo yaliyothibitishwa ya 2019, Andy Beshear alimshinda Matt Bevin kwa kura 5,136 kati ya zaidi ya milioni 1.4 zilizopigwa. Kentucky ina kaunti 120. Gawanya, utaona kwamba ni wastani wa kura 43 kwa kaunti. Ukumbi mmoja wa harusi ya Wakongomani hapo Lexington huwa na watu mara tano ya hao kabla hata chakula hakijaletwa. Bevin aliomba matokeo yahakikiwe upya, makarani wa kaunti zote 120 wakasoma tena namba za mashine zao Novemba 14, hapakubadilika kitu, na siku hiyohiyo akakubali kushindwa. Wakati wa kusubiri kulikuwa na hofu, kwa sababu Kentucky mgogoro wa kura za gavana huamuliwa na Bunge, na mara ya mwisho Bunge lilipofanya hivyo, katika uchaguzi wa 1899, aliyetangazwa mshindi, William Goebel, alikuwa ameshapigwa risasi mbele ya jengo la Bunge, naye akafa Februari 3, 1900. Ni gavana pekee wa jimbo la Marekani aliyeuawa akiwa madarakani.

Na kura hizo 5,136 zina uzito kuliko zinavyoonekana, kwa sababu watu hawaendi. Kentucky humchagua gavana wake katika mwaka witiri, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa rais, wakati hakuna jina kubwa kwenye karatasi na televisheni hazipigi kelele. Mwaka 2020, wa rais, asilimia 60 hivi ya waliojiandikisha walipiga kura. Mwaka 2023, wa gavana, zilikuwa 38 hivi. Mume wako akikaa nyumbani anakuwa pamoja na wengi, lakini kwa hesabu hiyohiyo kura yako wewe unayekwenda inabeba mzigo mkubwa zaidi kuliko mwaka wa rais, ambapo Kentucky tangu mwaka 2000 imekuwa ikimpa mgombea wa Republican ushindi mkubwa usio na mashaka.

Hata hivyo, ukiniuliza ni wapi kura moja huuma kweli, nitakupeleka kwenye kura za mchujo za Mei, ambapo kila chama huchagua mgombea wake, siyo Novemba. Mwaka 2015 wagombea wanne wa Republican waliwania tiketi ya ugavana, na Matt Bevin alimshinda James Comer kwa kura 83. Watu 83 wanaenea katika mabasi mawili ya shule na viti vinabaki. Yote niliyokusimulia kuhusu Bevin, amri ya wapigakura aliyoifuta, Kynect aliyoifunga, ugomvi na walimu, misamaha ya wiki tano, yalipitia kwenye tundu hilo la kura 83, na wengi wa watu yaliyowapata hawakuwa na ruhusa ya kupiga kura siku hiyo. Hawakuwa na ruhusa kwa sababu mchujo wa Kentucky umefungwa: aliyeandikishwa Democratic hupiga kwa Democratic, wa Republican kwa Republican, na asiye na chama hana karatasi ya kuchagua mgombea wa chama chochote.

Kwa hiyo nenda ukaangalie kitu kimoja kwenye usajili wako kwa karani wa Kaunti ya Fayette, ndiyo kaunti ya Lexington: sehemu ya chama. Raia wengi wapya huandika kwamba hawana chama, wakidhani ndiyo heshima au usalama, kama ilivyokuwa busara huko tulikotoka. Uchaguzi ujao wa gavana ni Novemba 2, 2027, Beshear haruhusiwi kugombea muhula wa tatu mfululizo, na mchujo utakuwa Mei 18. Mtu aliyekwisha kujiandikisha anayetaka kubadili chama ili apige kura siku hiyo lazima awe amebadili kabla ya mwaka 2026 kuisha, yaani Desemba 31. Mume wako, ikiwa hajajiandikisha kabisa, ana muda zaidi, kwa kuwa daftari hufungwa wiki nne kabla ya kura. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na anayefika akitoka zamu akakuta saa imegonga akiwa tayari kwenye foleni, asitoke kwenye foleni, atapiga kura.